Pampu Mbili za Chalk River na Kiti cha Mdhibiti

Usiku wa Januari 15, 2008, serikali ya Kanada ilitengua uteuzi wa Linda Keen, rais wa Tume ya Usalama wa Nyuklia ya nchi hiyo. Asubuhi yake alitakiwa kufika mbele ya kamati ya Bunge kueleza kwa nini tume yake ilishikilia msimamo kuhusu kinu kikongwe cha Chalk River kilichokuwa kimezimwa wiki kadhaa kabla. Hakukuwa na mlipuko, mionzi haikuvuja, na hakuna aliyekufa. Pengine ndiyo maana kisa hicho kimesahaulika nje ya Kanada, huku Chernobyl na Fukushima zikitajwa kila nyuklia inapozungumzwa. Lakini anayetaka kuelewa namna siasa inavyoingia kwenye usalama wa nyuklia atajifunza mengi zaidi hapa kuliko kwenye milipuko, kwa sababu ndani ya kisa hiki hakuna mtu mbaya wa wazi. Waziri alikuwa na hoja. Wagonjwa walikuwa wakisubiri vipimo. Wabunge wa vyama vyote walikubaliana. Hata hivyo kosa kubwa lilifanyika, na haliko mahali ambapo wengi hulitafuta.

Kinu hicho, NRU kwa jina, kiko kando ya mto Ottawa, upande wa kaskazini-magharibi wa mji mkuu, na kilianza kazi mwaka 1957. Hakikuzalisha umeme. Kilitumika kwa utafiti na kwa kutengeneza isotopu za hospitali, hasa molibdeni-99, ambayo inapooza huzaa teknishiamu-99m. Hii ndiyo anayodungwa mgonjwa ili mashine ione moyo unavyofanya kazi, au kama saratani imesambaa hadi kwenye mifupa. Ni teknishiamu hiyo hiyo inayotumika katika tiba ya nyuklia duniani kote, hata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Shida yake ni kwamba haiwekeki akiba. Molibdeni-99 hupungua nusu kila saa 66, na teknishiamu-99m hupungua nusu kila saa 6. Shehena iliyotoka kiwandani Jumatatu asubuhi, ikifika hospitali Alhamisi, imebaki chini ya nusu ya nguvu yake. Kinu kikisimama wiki mbili, hakuna ghala la kukimbilia. Na NRU peke yake ilikuwa ikitoa karibu nusu ya molibdeni iliyohitajika duniani.

Novemba 18, 2007 kinu kilizimwa kwa matengenezo ya kawaida ya siku chache. Wakati huo ndipo ilipobainika kwamba pampu mbili zinazosukuma maji mazito ya kupoza kiini cha kinu hazikuwa zimeunganishwa na umeme wa dharura uliojengwa kuhimili tetemeko la ardhi. Umuhimu wa muunganisho huo ni rahisi kuueleza. Kinu hata kikizimwa, mafuta yake ya urani huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na joto hilo lazima liondolewe na maji yanayozunguka. Tetemeko linaloweza kukitikisa kinu linaweza pia kukata umeme wa gridi. Kwa hiyo pampu zinahitaji umeme mwingine, ambao tetemeko lile lile halitauangusha. Kuziunganisha kulikuwa sehemu ya maboresho saba ya usalama ambayo mwendeshaji wa kinu, shirika la umma la AECL, alikuwa ameyaahidi kwa miaka, na leseni ya mwaka 2006 ilitolewa tume ikiamini kwamba kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Keen aliwaeleza wabunge baadaye kwamba uwezekano wa mafuta ya kinu kuharibika katika hali ile ulikuwa mmoja kwa elfu kwa mwaka, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa ni mmoja kwa milioni.

AECL wenyewe ndio walioamua kutokiwasha kinu, kisha wakataka kukiwasha na pampu moja tu ikiwa imeunganishwa. Tume ilijibu kwamba inasubiri maombi rasmi yenye hoja kamili za kiusalama. Siku zikasonga. Hospitali zikaanza kuahirisha vipimo, magazeti yakaandika, na Desemba 10 serikali ikaielekeza tume kwamba katika maamuzi yake izingatie pia afya ya Wakanada wanaotegemea isotopu. Kesho yake, Desemba 11, Bunge liliketi hadi usiku, likawahoji viongozi wa tume na wa AECL, likapitisha muswada ulioruhusu NRU kufanya kazi kwa siku 120 bila sharti la pampu. Seneti ikaupitisha siku iliyofuata. Desemba 16 kinu kikawaka.

Watetezi wengi wa uhuru wa wadhibiti huishia hapo na kulaani: wanasiasa wamewaingilia wataalamu. Sikubaliani nao. Alichofanya mbunge aliyenyoosha mkono usiku ule kinaweza kutetewa. Tume ya nyuklia imepewa kazi ya kupima hatari ya kinu. Haikupewa kazi ya kupima hatari ya mgonjwa wa moyo wa Toronto ambaye kipimo chake kimeahirishwa, wala haina wataalamu wa kufanya hivyo. Kuna maamuzi yanayohitaji hatari moja ipimwe dhidi ya nyingine, na katika nchi ya kidemokrasia chombo chenye mamlaka ya kufanya hivyo ni Bunge. Angalia pia namna lilivyofanya. Lilitunga sheria mbele ya macho ya watu, likaiwekea ukomo wa siku 120, likawaita wataalamu waseme hofu yao kwa sauti, na kila mbunge akabeba kura yake. Kama tetemeko lingepiga Januari, kila Mkanada angejua nani aliamua nini. Unaweza kusema walikosea, na mimi naona walikuwa na haraka iliyopitiliza. Lakini huwezi kusema waliamua gizani.

Kilichofuata ndicho kilichoharibu. Desemba 27, Waziri wa Maliasili, Gary Lunn, alimwandikia Keen barua akihoji uamuzi wake na kumtaka aeleze kwa nini asiondolewe kwenye urais wa tume. Barua hiyo ikavujia gazeti moja la Ottawa mapema Januari. Keen alijibu hadharani kwamba waziri anaingilia kazi ya chombo kinachotoa maamuzi kama mahakama. Wiki moja baadaye kibarua chake kikaota nyasi, usiku wa kuamkia siku ya kutoa ushahidi wake. Waziri Mkuu Stephen Harper alikuwa tayari ameshadokeza bungeni kwamba Keen ni mteule wa chama cha Liberal, kana kwamba pampu zina chama. Nafasi yake ikashikwa na Michael Binder, ofisa mwandamizi kutoka wizara nyingine ya serikali hiyo hiyo. Na kuna jambo ambalo kila msomaji anayefuatilia mashirika ya umma hapa kwetu atalitambua mara moja: Lunn ndiye aliyekuwa waziri wa AECL, mwendeshaji aliyeshindwa kutimiza sharti la leseni, na tume iliyomkagua AECL nayo ilipeleka taarifa zake bungeni kupitia kwa Lunn huyo huyo. Shirika lake ndilo lililoshindwa kuunganisha pampu. Aliyeondolewa kwanza na serikali, kwa barua yake, alikuwa mkaguzi.

Tofauti kati ya matendo haya mawili ndiyo kiini cha hoja yangu. Kutengua uamuzi ni jambo moja, kumwadhibu aliyeutoa ni jingine kabisa. La kwanza hugusa kinu kimoja kwa siku 120. La pili hugusa vinu vyote kwa miaka yote ijayo, kwa sababu linawafikia wakaguzi ambao hawajawahi kufika Chalk River. Chukua askari wa usalama barabarani stendi, alfajiri, amelisimamisha basi lenye breki mbovu. Abiria wenyewe watamzomea, maana wanawahi msiba na harusi. Mkuu wake akija akasema basi liondoke na yeye mkuu atabeba dhamana, askari amezidiwa nguvu ila kesho atakagua tena. Mkuu akimhamisha kituo mbele ya abiria, mabasi ya kesho yote yatapita, na hakuna atakayelazimika kutoa amri tena. Hivyo ndivyo woga unavyofanya kazi. Hauachi karatasi wala sahihi, na miaka kumi baadaye tume ya uchunguzi haitapata barua yoyote ya kumlaumu nayo mtu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii lina uzito, nami sitalipuuza. Inasemwa kwamba Keen alishika herufi ya sheria huku wagonjwa wakiteseka, na kwamba kiongozi asiyeona zaidi ya faili lake hafai. Ni kweli kwamba tume haikuwa safi. Mapitio ya wataalamu wa nje yaliyofanyika mwaka 2008 yalizikosoa pande zote mbili: AECL kwa uzembe wa kusimamia ahadi zake, na tume kwa kutoyaandika masharti ya leseni kwa uwazi wa kutosha. Lakini tuulize uhaba wa isotopu ulitoka wapi. Haukuletwa na tume. Ulitokana na dunia kukiegemea kinu kimoja chenye umri wa miaka 50, wakati vinu viwili vya MAPLE vilivyojengwa Chalk River kuchukua nafasi yake vilikwama kwa miaka kutokana na kasoro za usanifu, hadi serikali ikaviacha rasmi Mei 2008. Mei 2009 NRU yenyewe ilianza kuvuja maji mazito kupitia tangi lililoliwa na kutu, ikasimama hadi Agosti 2010, miezi 15. Uvujaji huo hauhusiani na pampu, wala hauthibitishi kwamba Keen alikuwa sahihi. Unaonyesha tu kwamba kumwondoa mkaguzi hakukuwapatia wagonjwa hata dozi moja ya uhakika. Uamuzi wa kujenga kinu kingine kwa wakati ulikuwa wa serikali zilizofuatana, na zote zilikuwa zimeuahirisha.

Tena, kama tatizo lilikuwa uwezo wake wa kazi, palikuwa na njia. Sheria ya Kanada iliwapa makamishna wa tume ulinzi: hawaondolewi wakiwa na mwenendo mwema. Keen alibaki kamishna hata baada ya kuvuliwa urais, akajiuzulu mwenyewe baadaye mwaka huo. Urais ndio uliokuwa na tundu. Alipokwenda Mahakama ya Shirikisho, mwaka 2009 ilisema kwamba rais wa tume hushika kiti hicho kwa ridhaa ya serikali, hivyo serikali ilikuwa na haki ya kumwondoa. Mahakama ilisoma sheria kama ilivyoandikwa, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na waliotunga sheria inayomlinda kila mjumbe mezani isipokuwa anayeendesha kikao. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitazama tundu hilo kwa sababu hakuna aliyelitumia.

Pingamizi la pili ni la kidemokrasia: nani alimchagua mdhibiti? Kwa nini mtu asiyepigiwa kura amzuie rais au waziri aliyepewa dhamana na mamilioni? Hoja hii imepata nguvu mpya Marekani. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi hiyo ilianza kazi Januari 1975, baada ya Bunge kulivunja shirika la zamani la atomiki lililokuwa likihamasisha nyuklia na kuikagua kwa wakati mmoja. Ina makamishna watano, na si zaidi ya watatu wanaoweza kutoka chama kimoja. Sheria inasema rais anaweza kumwondoa kamishna kwa uzembe, kutotimiza wajibu au mwenendo mbaya kazini. Juni 2025 Rais Donald Trump alimfukuza kamishna Christopher Hanson bila kutaja hata moja kati ya sababu hizo. Wiki chache kabla, amri ya rais ya Mei 23 ilikuwa imeitaka tume iamue maombi ya vinu vipya ndani ya miezi 18.

Wanaounga mkono hatua hizo husema tume imekuwa nzito mno, na kwamba vinu visivyojengwa huacha makaa ya mawe yakiendelea kuua watu kwa moshi. Hoja ya uzito wa tume naiafiki kwa sehemu kubwa. Mdhibiti anayechukua miaka kujibu barua hafanyi kazi ya usalama. Lakini Marekani hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha njia ya kulishughulikia. Juni 2024 Bunge lilipitisha, kwa kura za vyama vyote viwili, sheria iliyoitwa ADVANCE, iliyoitaka tume ipunguze ada, iongeze wataalamu na iandike upya dhamira yake ili isiwe kizuizi kisicho cha lazima. Huo ndio wapiga kura wakizungumza: wamebadilisha kanuni kwa wote, mchana kweupe, na kamishna yeyote anajua kuanzia siku hiyo anatakiwa kufanya nini. Kumfukuza mtu bila sababu hakubadilishi kanuni yoyote. Kanuni inabaki kwenye kitabu ikisema usalama kwanza, huku kila anayeisoma akijua kwamba kuifuata kunaweza kumgharimu ajira. Demokrasia haiongezeki hapo. Mpigakura ananyimwa hata uwezo wa kujua kiwango cha usalama anachoishi nacho, kwa sababu kilichoandikwa si kinachotekelezwa.

Wapo watakaosema kwamba vitisho vya namna hii ni nadra, na kwamba nchi nyingi haziwafukuzi wadhibiti wao. Ni kweli, na Japani inaonyesha kwa nini si lazima. Kuanzia 2001 wakala wa usalama wa nyuklia wa Japani uliwekwa ndani ya Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda, wizara ile ile iliyokuwa na kazi ya kukuza nyuklia. Hapakuwa na haja ya kumtoa mtu kiti. Maofisa walizunguka kutoka idara ya kukuza kwenda idara ya kukagua na kurudi, na aliyetaka kupanda cheo alijua wakubwa wake wa kesho wanapenda nini. Mwaka 2000 fundi aliyewahi kufanya ukaguzi katika vinu vya kampuni ya TEPCO aliiandikia serikali kwamba rekodi za nyufa zinaghushiwa. Serikali ilimtaja jina lake kwa TEPCO. Ukweli ulipotoka 2002, kampuni ililazimika kuzima vinu vyake vyote 17 kwa ukaguzi. Mwaka 2008 hesabu za ndani za TEPCO zilionyesha kwamba tsunami ya mita 15.7 ingeweza kufika Fukushima Daiichi, kituo kilichoandaliwa kwa mawimbi ya chini ya mita sita. Ukuta haukuongezwa, na mdhibiti hakushurutisha. Machi 11, 2011 bahari ilipanda. Tume huru ya Bunge la Japani chini ya Kiyoshi Kurokawa ilihitimisha mwaka 2012 kwamba maafa yale yalisababishwa na binadamu, na ikataja mshikamano wa serikali, wadhibiti na TEPCO kuwa chanzo. Septemba mwaka huo wakala ule ukavunjwa na chombo kipya kikaundwa nje ya wizara hiyo.

Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994 ulikuwa tayari unazitaka nchi zitenganishe kwa ufanisi kazi za kudhibiti na kazi za kukuza. Japani ilikuwa mwanachama. Kanada pia. Maneno ya mkataba yanaweza kutimizwa kwa vibao viwili tofauti mlangoni huku njia ya kuteua na kutengua ikipita ofisi moja, na ndiyo sababu napendelea kuvitazama vifungu vya kuondoa mtu kabla ya kusoma dibaji za sheria. Hata hivyo mdhibiti asiyeondoleka anaweza naye kununuliwa na kampuni anazozikagua, na hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni kumwondoa kwa sababu zilizoandikwa, zilizothibitishwa mbele ya jopo, akiwa amepewa nafasi ya kujibu, na maamuzi yake yote ya leseni yawe wazi pamoja na hoja zake. Mdhibiti anayelazimika kuchapisha sababu zake hupata shida kuficha hongo, na waziri naye hupata shida kuficha mkono wake.

Barani kwetu jambo hili limekwisha kufika mahakamani. Afrika Kusini, nchi pekee ya Afrika yenye kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, ilimteua Peter Becker mwaka 2021 kuwakilisha jamii kwenye bodi ya mdhibiti wake wa taifa, wakati mdhibiti huyo akijiandaa kuamua kama kituo cha Koeberg kiongezewe miaka 20. Becker alikuwa mpinzani wa nyuklia wa siku nyingi, na hilo lilijulikana alipoteuliwa. Februari 2022 Waziri wa Madini na Nishati, Gwede Mantashe, alimwondoa, akitaja mgongano wa maslahi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Western Cape ikasema kuondolewa huko hakukuwa halali. Mtu anaweza kuona maoni ya Becker kuhusu nyuklia si sahihi, na Koeberg ilianza kupewa leseni ya kuendelea mwaka 2024. Lakini waziri huyo huyo ndiye aliyekuwa akisukuma ujenzi wa vinu vipya. Nchi ikitaka mwakilishi wa jamii asiye na maoni, haitampata popote isipokuwa kwa asiyejali.

Kenya, kwa sheria za mwaka 2019, ilikipa chombo kimoja kazi ya kuandaa kituo cha kwanza cha nyuklia na kingine kazi ya kudhibiti, na huo ni mwanzo mzuri. Utahitajika kwelikweli, kwa kuwa mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mradi huo na polisi wakaingia, na tangu hapo macho yamehamia Siaya. Uganda ina Baraza la Atomiki kwa sheria ya 2008 na ndoto ya kinu huko Buyende. Tanzania, kwa sheria ya 2003, ina tume moja ya nguvu za atomiki yenye kazi zote mbili: kudhibiti mionzi na kuhamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Kwa mashine za eksirei na ukaguzi wa vyakula bandarini muunganiko huo umevumilika. Kwa urani ya mto Mkuju, Namtumbo, na kwa mazungumzo ya vinu vya umeme yanayoanza kusikika, haupaswi kubaki. Hakuna kinu kilichojengwa, hakuna mwekezaji anayehesabu hasara ya kila siku ya kuchelewa, hakuna hospitali wala kiwanda kinachotegemea kisizimwe. Wakati huu ndipo wabunge wa nchi hizi wanaweza kuandika nani anamteua mdhibiti, kwa muda gani, na kwa sababu zipi tu anaweza kuondolewa, bila yeyote kati yao kujua kifungu hicho kitamlinda nani au kitamuudhi nani.